Kikomo cha Jouli 16: Sheria ya Uingereza na Kuenea kwa Ulengaji wa Shabaha za Uwandani kwa Bunduki ya Upepo

Mwaka 1969 Serikali ya Uingereza ilitoa kanuni zilizobainisha ni bunduki ya upepo ipi ihesabiwe kuwa ya hatari ya pekee. Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 ilikuwa imeiacha bunduki ya aina hiyo nje ya mfumo wa vyeti vya polisi, isipokuwa ile ambayo waziri mwenye dhamana angeitangaza kuwa imepita kiasi. Kanuni za 1969 zikauweka mpaka huo: futi-paundi 12 za nishati kwenye mdomo wa mtutu, sawa na jouli 16.27, na nusu ya kiasi hicho kwa bastola. Waliozitunga walikuwa wakishughulikia usalama wa raia. Hapakuwa na mchezo wowote wa uwandani akilini mwao, kwa kuwa mchezo wenyewe ulizaliwa miaka 11 baadaye. Hata hivyo, hoja inayojengwa katika insha hii ni kwamba tarakimu hiyo ya kiutawala ndiyo iliyoamua umbo la bunduki, umbali wa shabaha, aina ya ustadi unaotakiwa kwa mlengaji, na hatimaye masharti ya kushindana kimataifa katika nchi ambazo mabunge yake hayakuwahi kuijadili.

Ulengaji wa shabaha za uwandani unatofautiana sana na ule wa Michezo ya Olimpiki, ambako bunduki ya upepo ilianza kushindaniwa Los Angeles mwaka 1984. Mlengaji wa Olimpiki husimama ndani ya ukumbi, umbali ni mita 10 daima, na karatasi iliyo mbele yake haibadiliki. Mlengaji wa uwandani hupita msituni au kwenye malisho kutoka kituo hadi kituo, akikuta mabamba ya chuma yaliyochongwa mfano wa panya, sungura, kunguru au njiwa, kila moja katika umbali ambao hakuna anayemtajia. Bamba lina tundu la mviringo, kwa kawaida la kipenyo cha kati ya milimita 15 na 40, na nyuma ya tundu kuna kibao kidogo. Risasi ikipenya tunduni na kukigusa kibao, bamba huanguka na mlengaji hupata alama 1. Ikipiga pembeni ya tundu, bamba hubaki limesimama naye hapati kitu. Kisha kamba iliyofungwa kwenye bamba huvutwa ili kulisimamisha tena kwa ajili ya anayefuata.

Maelezo yaliyozoeleka husema kuwa mchezo huu ulitokana na uwindaji wa sungura. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Umbo la mnyama limetoka kwa wawindaji, lakini bamba lenye tundu lina ukoo mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, hasa katika eneo la Birmingham, wateja wa vilabu vya pombe walishindana kulenga bamba la chuma lenye tundu dogo lililokuwa na kengele nyuma yake. Aliyepenyeza risasi aliisikia kengele ikilia. Lincoln Jeffries alipata hataza ya bunduki yake ya upepo mwaka 1904, na kampuni ya BSA ikaanza kuiunda mwaka uliofuata. Kwa wafanyakazi wa viwandani, huo ulikuwa ulengaji wa bei nafuu uliowezekana ndani ya chumba. Upande wa pili wa ukoo ni Mexico, ambako mashindano ya kuangusha sanamu za chuma za kuku, nguruwe mwitu, bata mzinga na kondoo dume yalikuwa yameenea kufikia katikati ya karne hiyo na baadaye kuingia Marekani. Humo ndimo ilimotoka fikra ya shabaha inayoanguka.

Bunduki ya upepo yenyewe, bila shaka, ni kongwe kuliko hayo yote. Jeshi la Austria lilitumia bunduki ya Girandoni kuanzia mnamo 1780, na msafara wa Lewis na Clark uliovuka Amerika ya Kaskazini kati ya 1804 na 1806 ulibeba bunduki ya upepo. Lakini historia hiyo ya kijeshi haikuzaa mchezo unaojadiliwa hapa, na haina haja ya kurefushwa.

Shindano linalotambuliwa kuwa la kwanza lilifanyika mwaka 1980 huko Magham Down, katika jimbo la Sussex kusini mwa Uingereza, likiandaliwa na chama cha walengaji wa bunduki na bastola za upepo kilichojulikana kwa kifupi kama NARPA. Wakati huo karibu washindani wote walitumia bunduki za springi, yaani zile ambazo mlengaji hukunja mtutu au huvuta wenzo ili kuikaza springi, na springi inapoachiwa huisukuma pistoni inayoshindilia hewa nyuma ya risasi. Bunduki hizo zilipatikana madukani bila cheti. Kijana wa karakana na mwenye shamba waliweza kushindana kwa kifaa cha aina moja, kwa sababu sheria iliwaruhusu wote wawili kukinunua na iliwakataza wote wawili kukizidisha nguvu.

Hapa yafaa kueleza kinachotokea hewani, kwani ndimo uzito wa tarakimu ya 1969 unamojitokeza. Risasi ya kipenyo cha milimita 4.5 yenye uzito wa takribani nusu gramu, ikisukumwa kwa nishati iliyo chini kidogo ya jouli 16.27, hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 240 kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo kuliko ya sauti, na hupungua haraka. Hadi kufika mita 50, karibu kabisa na mwisho wa umbali unaoruhusiwa, risasi imekwisha kushuka takribani robo ya mita kutoka kwenye mstari wa mtutu, na upepo mwepesi tu wa pembeni unatosha kuitoa nje ya tundu la milimita 40. Anayekosea kukadiria umbali kwa mita mbili au tatu huweza kukosa shabaha hata kama mkono wake haukutikisika. Kwa hiyo mchezo uligeuka kuwa mtihani wa macho na hesabu kabla ya kuwa mtihani wa kidole. Laiti sheria ingeruhusu nguvu maradufu, mstari wa risasi ungenyooka zaidi, na sehemu kubwa ya ugumu huu isingekuwepo. (Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la kupendeza: neno risasi ni jina la madini na pia la kinachotoka mtutuni, na katika mchezo huu maana hizo mbili hukutana, kwa kuwa kipande kinachofyatuliwa kwa kawaida ni madini ya risasi matupu.)

Nguvu ilipozuiwa kuongezeka, ushindani ulihamia mahali pengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kijerumani ya Weihrauch ilileta HW77, bunduki ya springi yenye mtutu usiokunjwa, nayo ikatawala mashindano kwa muda. Haikukaa sana kileleni. Kabla ya muongo huo kwisha, bunduki zinazojazwa hewa iliyoshindiliwa kutoka kwenye mtungi zilikuwa zimeingia uwanjani. Hazina springi wala pistoni ya kuitikisa bunduki kabla risasi haijatoka, kwa hiyo mlengaji hahitaji kujifunza kuishika kwa namna ya pekee ili mtikisiko uwe uleule kila mara. Miongoni mwa waundaji wake wa awali ilikuwamo Daystate, kampuni iliyoanza kwa kuunda bunduki za kuwachoma wanyama sindano za usingizi. Mabadiliko hayo yaliwagawa washindani. Kanuni zikalazimika kutenga daraja la springi na daraja la hewa ya mtungi, na mgawanyo huo ungalipo hadi kwenye mashindano ya dunia.

Darubini nazo zilifuata mkondo huohuo. Kwa kuwa kanuni zinakataza vifaa vya kupimia umbali kwa mionzi ya leza, walengaji waligundua kuwa darubini yenye ukuzaji mkubwa, mara 40 au 50, huonesha shabaha kwa uwazi katika umbali mmoja tu. Wakafunga gurudumu kubwa ubavuni mwa darubini, wakaliandika umbali, wakawa wanalizungusha hadi picha itulie. Kile kilichokuwa kasoro ya lenzi kikawa chombo cha kupimia. Nacho kina hila zake: joto la mchana hubadili usomaji, na mlengaji aliyepima asubuhi huweza kudanganywa na gurudumu lake mwenyewe alasiri.

Gharama ya vifaa hivyo ilizua manung'uniko. Baadhi ya walengaji wa Uingereza waliona kuwa bunduki ndefu, nzito, yenye darubini ya bei kuliko bunduki yenyewe, haina tena uhusiano wowote na mwindaji. Kutokana na hali hiyo likaibuka tawi la pili linalojinasibisha na uwindaji, ambamo ni marufuku kugusa marekebisho ya darubini baada ya kuanza mzunguko, na ambamo bamba likianguka hutoa alama 2, likipigwa bila kuanguka alama 1. Tofauti hii ya alama si jambo dogo. Katika tawi la awali, kukosa kwa milimita moja na kukosa kwa mita moja ni sawasawa. Tawi jipya lilimtuza aliyekaribia, na hivyo likarudisha uwanjani watu waliokuwa wamekata tamaa. La kushangaza ni kwamba matawi yote mawili, yaliyopingana karibu katika kila kitu, hayakubishana juu ya jouli 16.27. Mpaka wa sheria ulikuwa umekwisha kugeuka kuwa maana ya mchezo.

Mchezo ulipovuka bahari, mpaka huo ulivuka nao. Ujerumani ina kipimo chake: bunduki ya upepo isiyozidi jouli 7.5 hununuliwa na mtu mzima bila kibali, na iliyozidi hapo huhitaji kibali cha silaha. Matokeo yake, mashindano ya Kijerumani yana madaraja ya jouli 7.5 na madaraja ya jouli 16.3 bega kwa bega, na Mjerumani anayetaka kushindana kimataifa kwa bunduki yenye nguvu sawa na ya wenzake hana budi kupitia ofisi ya serikali kwanza. Marekani hali ni kinyume. Sheria ya shirikisho haikuweka kikomo cha aina hiyo, na chama cha mchezo huo kiliruhusu futi-paundi 20 katika daraja lake la wazi. Lakini kikatenga pia daraja la futi-paundi 12, ili Mmarekani anayenuia kwenda ng'ambo ajizoeze nyumbani mshuko wa risasi atakaoukuta huko. Mtu anapunguza nguvu ya bunduki yake kwa hiari, kutii kanuni ya waziri wa nchi ambayo babu zake waliipiga vita.

Mashindano ya dunia huendeshwa chini ya shirikisho la kimataifa kwa siku tatu, shabaha 50 kila siku, jumla 150. Ujerumani iliyaandaa mwaka 2013, New Zealand 2014, Wales 2017 na Poland 2018. Msafiri hukabiliana na mambo ambayo mlengaji wa nyumbani hayajui. Mashirika mengi ya ndege hutaka mtungi wa hewa uwe mtupu, hivyo bunduki huwasili bila hewa na hujazwa upya ugenini, kwa mgandamizo unaokaribia mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida. Kisha hupimwa kasi ya risasi kwa kifaa maalumu, na iliyozidi kikomo haipokelewi. Wengi huiweka bunduki chini kidogo ya mpaka, kwani siku ya joto huweza kuipandisha mita chache kwa sekunde, na aliyejibana mno kwenye ukingo huweza kuondolewa bila kuwa na nia ya kudanganya.

Wakati dunia ikikusanyika kwenye tarakimu ya Uingereza, Ufalme wenyewe uliacha kuwa na sheria moja. Ireland ya Kaskazini inadai cheti kwa bunduki yoyote ya upepo inayozidi jouli 1. Uskoti ilifuata njia yake baada ya mtoto wa miaka 2 kuuawa kwa risasi ya bunduki ya upepo jijini Glasgow mwaka 2005. Kifo hicho kilifichua jambo ambalo kanuni za 1969 zililificha kwa lugha yake: kilichotajwa kisheria kuwa si cha hatari ya pekee kilitosha kuua. Kampeni ya muda mrefu ilizaa sheria ya Bunge la Uskoti ya mwaka 2015, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 kumiliki bunduki ya upepo bila cheti cha polisi huko ni kosa. Walengaji walilalamika kuwa wanaadhibiwa kwa uhalifu wa wengine. Familia zilizoumizwa ziliuliza kwa nini silaha iuzwe kirahisi kiasi hicho. Pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusikilizwa, lakini ni vigumu kuona jinsi usumbufu wa kujaza fomu ungeweza kupimwa mizani moja na kaburi la mtoto. Mashindano ya Uskoti hayakufa. Mlengaji wa Carlisle, upande wa Uingereza, bado huitunza bunduki yake nyumbani bila cheti. Akiendesha gari kwa chini ya saa moja kuvuka mpaka kwenda kushindana, hulazimika kuwa na kibali cha mgeni, kwa bunduki ileile na risasi zilezile.