Ngalawa, upepo na mzigo: kwa nini chombo kidogo leo hukimbia na kesho hukwama

Anayetoka Korogwe au Handeni kwenda kununua samaki Pangani anaijua hali hii. Saa nne asubuhi ngalawa zinaonekana kule nje, matanga yamelegea, hazisogei. Saa nane mchana zinaingia mlangoni mwa mto moja baada ya nyingine, tena mbio. Wavuvi ni walewale na vyombo ni vilevile. Kilichobadilika ni upepo. Hapa tunaeleza jinsi upepo, umbo la chombo na mzigo vinavyoamua ngalawa itafika saa ngapi, na wakati mwingine kama itafika.

Mto Pangani unapita Korogwe mjini kabla ya kushuka baharini, lakini hakuna chombo kinachoweza kuufuata mpaka mwisho. Njiani kuna maporomoko, na kuna mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza kazi 1964, na ya Pangani, iliyoanza 1995. Ndiyo maana huku bara wengi wetu tunaijua ngalawa tukiwa wanunuzi au abiria tu.

Chombo chenyewe

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Ni jembamba kiasi kwamba likiwekewa tanga peke yake litapinduka. Linaloliokoa ni matengo: miti miwili imekingamishwa juu ya gogo, na kila upande mwisho wake kuna ubao wa kuelea. Upepo ukilalia tanga, ubao wa upande unaoinama hukandamizwa majini na kukataa kuzama. Hivyo ngalawa inapata uimara wa chombo kipana, huku ikiteleza kama chombo chembamba. Tanga lake ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali, na kamba inayolivuta au kulilegeza huitwa demani.

Upepo unafanya nini

Wengi hudhani upepo hukisukuma chombo kutoka nyuma tu. Lakini tanga likikazwa kwa mshazari hufanya kazi kama bawa la ndege: upepo unaopita upande uliotuna huenda kasi zaidi, na tanga huvutwa kuelekea huko. Kwa hiyo ngalawa hukimbia vizuri zaidi upepo ukitoka ubavuni kuliko ukitoka mgongoni.

Sababu nyingine utaielewa ukiwa juu ya bodaboda. Hata siku isiyo na upepo, pikipiki ikikimbia unausikia usoni. Chombo nacho hujitengenezea upepo wake. Tuseme ngalawa inakwenda kilomita 8 kwa saa na upepo ni kilomita 20. Upepo huo ukitoka nyuma kabisa, tanga linapata 12 tu, kwa sababu chombo kinaukimbia. Ukitoka ubavuni, tanga linapata zaidi kidogo ya 21.

Jambo la kushika sana ni hili: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayolipiga tanga huongezeka mara nne. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, usidhani ni upepo wa 20 ulioongezeka kidogo. Tanga lilelile, mlingoti uleule, matengo yaleyale yanabeba nguvu mara nne. Hapo ndipo kamba zinapokatika.

Urefu nao una mpaka wake. Chombo kinachoelea husukuma wimbi, na kikikaribia kasi fulani kinakuwa kama kinapanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Mafundi wa vyombo hupima hivi: chukua urefu unaogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Chombo cha mita 5.5 kinapata kama kilomita 10 na nusu kwa saa. Ngalawa, kwa wembamba wake, yaweza kuuvuka mpaka huo upepo ukiwa mzuri. Mashua nono ya urefu huohuo haiwezi.

Safari ya Nungwi

Hakuna tanga linalokwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Nahodha hupiga bisho, yaani huenda mshazari upande huu, kisha anageuka na kwenda mshazari upande wa pili. Ngalawa haina mkuku mrefu wa kuishikilia, kwa hiyo huku inasonga mbele inasukumwa pia pembeni. Kama inakwenda nyuzi 60 kutoka upepo unakotoka, kila kilomita 1 ya safari inakuwa kilomita 2 za kusafiri.

Sasa tazama Pangani na Nungwi, Unguja. Kwa mstari ni karibu kilomita 50, kuelekea kusini-mashariki. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unatoka ubavuni; chombo kinachokwenda kilomita 8 kwa saa kingetumia saa sita na kitu. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, upepo unatoka kulekule kinakokwenda. Kilomita 50 zinakuwa 100, tena katika mawimbi ya mbele. Tumeitoa kama hesabu tu; ngalawa si chombo cha kubebea abiria safari hiyo, msimu wowote.

Mzigo na maji ya mlangoni

Kwenye gogo jembamba kama hilo, watu wazima wawili wa ziada wanaweza kulizamisha karibu sentimita 5 zaidi. Zinaonekana chache, ila ndizo zilizokuwa zikizuia wimbi lisiingie. Tena mbao za matengo zinakokota majini pande zote mbili, na mwendo unakufa.

Alfajiri wavuvi hutoka na umande, upepo wa nchi kavu. Ukishafifia, bahari hutulia mpaka jua lipashe nchi na upepo wa baharini uanze, na huo ndio unaowarudisha. Lakini wakati wa bamvua maji pwani ya Tanga hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mto nao unamwaga yake. Maji yakitoka kwa kilomita 4 kwa saa na ngalawa ikienda 5, inasogea kilomita 1 tu. Upepo wa baharini ukikutana na maji yanayotoka, mawimbi ya mlangoni husimama wima, mafupi na makali. Nahodha mzoefu hukaa nje akisubiri.

Kwa hiyo mnunuzi anayepanga kuwahi basi la kurudi Korogwe aulize kwanza maji yanajaa saa ngapi, na akumbuke kuwa saa hiyo husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku.