Sheria za Maneno Ukambani: Kutoka Uchochezi hadi Uhalifu wa Mtandaoni

Historia ya polisi kuwachunguza waandishi wa habari kwa sababu ya maandishi yao mitandaoni, Kitui na Makueni kama kwingineko nchini Kenya, ina mizizi katika utawala wa kikoloni, ambao uliyaona maneno ya mtawaliwa kuwa hatari hata yalipokuwa ya kweli. Mwaka 1938, serikali ilipowalazimisha Wakamba wa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Kilungu na Mbooni zilizomo Makueni leo, kupunguza mifugo yao kwa madai kwamba ilikuwa ikiharibu udongo, chama cha Ukamba Members Association kilipeleka malalamiko hadi London, na wafuasi wake wakaandamana kwenda Nairobi. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, ilhali mpango wenyewe wa lazima ulisitishwa mwaka huohuo. Yaani hoja ilikubaliwa, msemaji akaadhibiwa.

Silaha kuu ya kisheria ya enzi hiyo ilikuwa kosa la uchochezi, yaani kutamka au kuchapisha neno kwa nia ya kuwafanya watu waichukie serikali, nalo lilirithiwa na Kenya huru bila haya. Kitili Mwendwa, mwana wa Kitui aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa wa Jaji Mkuu mwaka 1968, alisimamia mahakama zilizokuwa na sheria hiyo vitabuni, kisha akajiuzulu mwaka 1971 jina lake lilipotajwa katika kesi ya njama ya mapinduzi. Kosa hilo halikufutwa hadi mwaka 1997.

Pengo lilizibwa upesi simu za mkononi zilipoenea. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kiliadhibu ujumbe wa kuudhi au wa uongo kwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi 3, na ndicho kilichotumiwa dhidi ya Geoffrey Andare kwa andiko lake la Facebook, hadi Jaji Mumbi Ngugi alipokibatilisha mwezi Aprili 2016 kwa kuwa maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana mno. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha pia kosa la jinai la kukashifu, na lile la kudharau mamlaka ya mtumishi wa umma katika kesi ya mwanablogu Robert Alai. Bunge lilijibu kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, ambayo faini yake kwa habari za uongo ilifika shilingi milioni 5; baadhi ya vifungu vyake vilisimamishwa Mei mwaka huohuo, kisha Mahakama Kuu ikavikubali Februari 2020.

Kwa mwandishi wa mashinani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa kila habari inayotumika, adhabu hutangulia hukumu: huitwa kituoni kuandikisha taarifa, naye akitakiwa kuiacha simu iwe kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, hupoteza kwa siku hizo kamera, daftari na njia ya kuwafikia watoa habari wake. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo hazihesabiwi kwa simu yake.