Kutoka Kifuniko cha Asidi hadi Plagi ya Kusawazishia: Ufundi wa Betri Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ufundi wa betri katika wilaya za Kinondoni na Temeke ulianza zamani kabla ya betri za lithiamu, na uhaba wa umeme ndio uliouotesha. Mitaa mingi ya pembezoni, kama Mbagala na Bunju, ilijengwa na wenyeji kabla nguzo za shirika la umeme, TANESCO, hazijafika, na televisheni za watu binafsi zilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, kaya zisizo na umeme ziliwasha televisheni ndogo kwa betri ya gari, ambayo kila ilipoishiwa moto ilibebwa kwa baiskeli au mkokoteni hadi kwa fundi wa kuchaji.

Betri hiyo ya risasi na asidi ilikuwa na volti 12 zilizotokana na seli 6, yaani vyumba 6 vilivyoungwa mfululizo, kila kimoja kikitoa takriban volti 2. Kila chumba kilikuwa na kifuniko chake, hivyo fundi aliweza kukifungua, kuongeza maji, na kutumbukiza haidromita, kifaa cha kioo kinachopima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, ili atambue chumba kilichokufa. Hapo ndipo penye kiini cha ufundi wote uliofuata, kwa kuwa jumla ya volti haitoshi kumwambia fundi hali ya betri, maana seli moja mbovu hujificha nyuma ya zile nzima.

Betri ya ioni za lithiamu, ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, ilifika mitaani ndani ya simu za mkononi, nayo kwa kawaida ilikuwa seli moja tu isiyohitaji kusawazishwa, yaani kulinganishwa volti, na nyingine. Zile za seli nyingi zilikuja na vyombo vya kuchezea vinavyoongozwa kwa rimoti na, baadaye, droni za upimaji: mradi wa Ramani Huria ulizirusha juu ya Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015 ili kuchora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, na mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake kwa droni za eBee, zinazotumia betri ya seli 3 yenye volti 11.1.

Betri za namna hii zimezibwa kabisa, na kazi ya kile kifuniko cha zamani imechukuliwa na plagi ndogo ya kusawazishia, ambayo nyaya zake zinaunganishwa kwenye kila kiungo cha seli na huzidi idadi ya seli kwa moja, hata seli 3 zikawa na nyaya 4. Mwanzoni kila mtengenezaji alikuwa na plagi yake, kisha aina ya XH ya kampuni ya JST ya Japani ikaenea zaidi. Pini zake zimeachana milimita 2.5, ilhali za aina ya PH ya kampuni hiyo hiyo, inayofanana nayo sana, zimeachana milimita 2.0, tofauti ambayo jicho huikosa lakini rula ya vernia huibaini.

Plagi isipolingana na chaja hubidi ibadilishwe, na kazi hiyo inadai subira zaidi ya nguvu, kwani nyaya zote zina moto wakati wote na betri haina swichi ya kuzimia. Anayezikata zote kwa mkasi mmoja hupiga shoti papo hapo, na seli ya lithiamu iliyopigwa shoti huweza kuvimba na kuwaka. Njia salama ni kubonyeza ulimi mdogo wa pini kwa ncha ya sindano, kuivuta nje pini hiyo moja, kuifunika kwa utepe au kuiingiza moja kwa moja katika ganda jipya la plagi, ndipo igeukiwe inayofuata. Kazi ikiisha, mita huwekwa kwenye waya mweusi wa hasi na kupitishwa pini kwa pini: seli 3 zikiwa na volti yao ya kawaida husoma karibu volti 3.7, 7.4 na 11.1. Mpangilio huo ukivurugika, betri isichomekwe kwenye chaja.