Namba za Keya: Mpango wa Divisheni ya 11 katika Vita vya Burma

Hapa Bujora, na katika Usukuma wote, ziko nyumba zenye habari ya babu aliyekwenda Burma. Tukiuliza, "Alikuwa kikosi gani?" hujibiwa, "Keya" tu, na habari hukoma hapo. Basi twapenda kuwaeleza walimu wenzetu jinsi jeshi lile lilivyopangwa, kwani mpango wenyewe ni ufunguo wa habari.

Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1943 kwa mfano wa divisheni za Kiingereza za askari wa miguu. Seksheni tatu zilifanya platuni, platuni tatu kombania, na kombania nne ndizo nguvu ya bataliani, yenye watu kama 800. Bataliani tatu zilifanya brigedi, na brigedi tatu, yaani ya 21, ya 25 na ya 26, zilifanya divisheni. Pamoja nao walikuwapo wapiga mizinga, mafundi wa madaraja, wapeleka habari, waganga na madereva. Mkuu wao alikuwa Jenerali Fowkes, na alama yao kichwa cha kifaru.

Watu wa nchi mbalimbali walichanganywa katika kila brigedi. Ya 25 ilikuwa na Keya 11 ya Kenya, 26 ya Tanganyika na 34 ya Uganda. Ya 26 ilikuwa na 22 ya Nyasaland, 36 ya Tanganyika na 44 ya Uganda. Ukiacha ile 11, tazameni tarakimu ya mwisho: 6 ni Tanganyika, 4 Uganda, 2 Nyasaland. Tarakimu ya kwanza yaonyesha bataliani ya ngapi.

Mwaka 1944 watu hao walishuka bonde la Kabaw katika mvua na matope, na mwezi wa Desemba wakaingia Kalewa, penye mto Chindwin. Lakini si wote waliofika. Tarehe 12 Februari mwaka ule ule manowari ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika ya Mashariki. Hao hawana kaburi ila bahari.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mkionyeshwa cheti cha askari kilichohifadhiwa sandukuni, tafuteni kwanza namba ya kikosi. Iandikeni pamoja na jina la mwenyewe, kabla mchwa hawajakila.