Mwanga mwekundu waweza kusaidia kidonda kupona, lakini kwa kipimo

KIDONDA kisichopona mguuni ni miongoni mwa sababu kuu za wagonjwa wa kisukari kukatwa miguu. Ndiyo maana habari za mwanga unaoponya huwavutia wengi.

Mnamo 1967, Endre Mester, daktari wa upasuaji jijini Budapest, Hungary, aliwanyoa panya mgongoni na kuwamulika kwa leza nyekundu hafifu, katika uchunguzi wake kuhusu leza na saratani. Ajabu ni kwamba manyoya ya panya waliomulikwa yaliota upesi kuliko ya wenzao. Baadaye aliijaribu leza hiyo kwa wagonjwa wenye vidonda sugu.

Siri imo ndani ya seli. Kila seli ya ngozi ina mitokondria, vinu vidogo vinavyozalisha nishati. Inaaminika kwamba kimeng'enya kimoja humo hufyonza mwanga mwekundu, wenye mawimbi ya nanomita 600 hadi 700, pamoja na mwanga mwingine jirani usioonekana kwa macho. Nishati huongezeka, na seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia ngozi, huzaana na kusogea kuziba pengo.

Hata hivyo, mwanga mwingi zaidi hauleti uponaji zaidi. Katika majaribio ya maabara, jouli chache kwa kila sentimita mraba huchangamsha seli, ilhali kipimo kikizidi mno, seli hizo hizo huzubaa. Hapo ndipo vifaa vinavyouzwa kiholela vinaweza kukosea.

Wala mtu asidhani kuanika kidonda juani ni tiba hiyo hiyo. Jua lina miale ya urujuanimno inayoharibu chembe za urithi; watu wenye ualbino wanayajua vyema madhara yake.

Ushahidi ulio thabiti zaidi unahusu vidonda vya kinywani vinavyowapata wagonjwa wa saratani wanapotibiwa. Kwa vidonda vya kisukari, tafiti nyingi ni ndogo, ingawa baadhi zinatia moyo. Kwa hivyo mwanga ni nyongeza tu: kudhibiti sukari, kusafisha kidonda na kuuondolea mguu uzito hubaki kuwa msingi wa matibabu.

Macho hukingwa kwa miwani maalumu wakati wa tiba ya leza. Na kidonda kilichokaa miezi bila kupona huchunguzwa kwanza, maana huenda ni saratani, na seli za saratani hazifai kuchangamshwa.