Jiji ni ukubwa au hadhi?

Kijiji, mji na jiji ni ndugu wa shina moja, -ji: ki- hudogosha, ji- hukuza. Kwa umbo lake, basi, jiji ni mji mkubwa tu. Sheria inasema jingine: jiji ni hadhi, hutolewa na huweza kuondolewa. Dar es Salaam ilipewa hadhi hiyo Desemba 1961. Mwaka 1972 halmashauri zikafutwa, za mijini zikarejea 1978, na kwa miaka hiyo yote mji uliendelea kupanuka. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, huku Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikibaki manispaa.

Atakayepinga atasema neno ni la wasemaji, si la wanasheria, na mkazi wa Mbagala, kule Temeke, hataacha kujiita mtu wa jijini. Ni kweli, na asiache. Lakini taka zisipozolewa mtaani kwake, wa kuulizwa ni Manispaa ya Temeke. Gazeti likiandika “Jiji limeshindwa”, linampeleka kubisha mlango usio wake. Kwa hiyo tuandike “Halmashauri ya Jiji” tunapotaja chombo, na “jiji” tuyaachie makazi.