“Nimalize Harusi Kwanza”: historia ya kusubiri matibabu ya saratani

Leo hatuzungumzii hina wala kanga za sare, ingawa harusi imo ndani yake.

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tatu niolewe tulipojua kuwa mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Majibu ya kinyama alichokatwa yalichukua wiki saba, mara mtaalamu hayupo, mara dawa za maabara zimekwisha, na wa kulaumiwa simtaji. Yalipotoka, daktari akaandika barua ya kuvuka Dar es Salaam kwenda kupigwa mionzi. Mama akaikunja barua, akaitia ndani ya sanduku la nguo zangu za harusi, akasema, “Nimalize harusi kwanza.”

Mimi nilikuwa mwari wa ndani, nasingwa kila siku, nimekatazwa hata kuchungulia dirishani. Kila mmoja alimwona mama kuwa mzazi mwenye subira. Mimi nilikuwa na khofu. Usiku kungwi akilala nashika simu nasoma, na nilichokuwa natafuta ni kitu kimoja tu: hizi siku ishirini na tatu ni nyingi au chache?

Nilianzia kwenye jina lenyewe. Saratani tumeichukua kwenye Kiarabu, na maana yake ni kaa, huyu huyu wa kwenye mikoko. Wagiriki wa kale ndio waliompa ugonjwa jina la kaa, na wanaelezwa kuwa waliona mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wa ziwa imetawanyika kama miguu yake. Waganga wa Kiislamu wakaendelea nalo.

Mmoja wao alinikalisha kitako. Abul Qasim Al-Zahrawi alizaliwa mwaka 936 karibu na Cordoba, Andalusia, akafariki mwaka 1013. Aliandika kitabu cha tiba cha juzuu 30, Kitab al-Tasrif, na ile ya mwisho inahusu upasuaji na ina michoro ya vyombo alivyovitumia. Kuhusu saratani alikuwa mkweli kuliko madaktari wengi. Anasema ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na ipo mahali panapoweza kukatwa ikatoka yote, basi ikatwe. Ikishakuwa kubwa na kukaa muda mrefu, usiiguse, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kumponya mtu wa namna hiyo wala hakumwona mwengine aliyeweza. Miaka elfu moja iliyopita, bila ya hadubini, mtu huyu alishajua kuwa katika ugonjwa huu muda nao ni sehemu ya dawa. Mama yangu alikuwa ameukunja muda wake ndani ya sanduku.

Tuje huku kwetu. Mgonjwa wa Unguja au Pemba akihitaji mionzi, miaka yote hiyo alikuwa havuki bahari ila kwenda sehemu moja: Ocean Road, lile jengo jeupe la ufukweni karibu na Ikulu ya Dar es Salaam. Wajerumani walilijenga kati ya 1895 na 1897. Jengo hilo na miale ya eksirei ni watoto wa mwaka mmoja, maana Wilhelm Röntgen aliigundua miale hiyo huko Ujerumani mwezi Novemba 1895, wakati mafundi wakiwa bado wanapandisha kuta. Daktari Robert Koch, aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam akafanya utafiti wa malaria hapo.

Lakini upepo ule mzuri wa bahari haukuwa wa bibi zetu. Hospitali ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwenye hospitali iliyotokana na mali ya Sewa Haji, tajiri wa Kihindi aliyefanya biashara Bagamoyo na kufariki Zanzibar mwaka 1897. Jina lake mpaka leo liko kwenye jengo la wodi Muhimbili, na wengi wanaolala humo hawajui alikuwa nani. Baada ya uhuru Ocean Road ikawa hospitali ya wazazi, kisha kuanzia miaka ya 1980 ikawa inatibu saratani chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 Bunge likapitisha sheria ya kuifanya taasisi inayojitegemea. Kwa muda mrefu ilikuwa peke yake nchi nzima. Mtu wa Kigoma, wa Mtwara, wa Wete, wote foleni moja.

Kwa nini foleni za mionzi zinakuwa ndefu namna ile? Hapa nilijifunza jambo ambalo natamani kila anayeuguza mzazi alijue, kwa sababu linaondoa ile dhana kuwa “wametuonea sisi tu”. Mashine iliyotumika zaidi Afrika ni ya kobalti. Matibabu yake yalianza Canada mwaka 1951. Ndani ya kichwa cha mashine kuna kipande cha kobalti 60 kinachotoa miale usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Hakizimwi, kinafunikwa tu. Ndiyo maana kiliifaa nchi yenye umeme wa kubahatisha. Ila kinachakaa. Kila ikipita miaka mitano na ushei nguvu yake inabaki nusu. Mgonjwa aliyekuwa akilala dakika mbili sasa atalala nne ili apate kipimo kilekile. Mpe kila mmoja dakika mbili za ziada, kisha zidisha kwa wagonjwa mia moja: ni zaidi ya saa tatu kwa siku. Muuguzi hajawa mvivu, na hakuna aliyepita mlango wa nyuma. Ni madini yanachoka. Kukibadilisha kipande hicho kunataka wataalamu, vibali na pesa nyingi, kwa hiyo mara nyingi kinaachwa kichoke zaidi. Ocean Road ilipopata mashine mpya zinazotumia umeme badala ya kobalti, ilikuwa mwaka 2018.

Na mashine ikifa kabisa? Hilo jirani zetu wa Uganda wameliishi. Mashine yao ya Mulago, Kampala, ilitolewa na China mwaka 1995 na ilikuwa pekee nchi nzima, ikipokea mpaka wagonjwa kutoka Rwanda na Sudan Kusini. Ilikwishaharibika mara nyingi ikatengenezwa. Mapema mwaka 2016 ikagoma moja kwa moja. Ubaya ni kwamba kila mtu alijua siku hiyo itakuja, ila mashine ya mionzi huiweki popote, inataka chumba chenye kuta nene za zege, na chumba kilikuwa hakijawa tayari. Fikiria binti aliyemleta mama yake kutoka kijijini, ameshapigwa mionzi kumi, amebakisha kumi na tano, anaambiwa mashine imekufa.

Wenye uwezo walikwenda Nairobi au India. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Wengi wa waliobaki walisubiri. Mashine mpya ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2017 na kuzinduliwa mwanzoni mwa 2018, yaani karibu miaka miwili.

Kilichonigusa zaidi katika habari za Uganda ni kitu kidogo, chupa ya dawa. Mwaka 1993, daktari Mwingereza Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, wakawa wanatengeneza mofini ya maji, ya kunywa, kwa bei ndogo sana. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, siyo madaktari peke yao. Kwa hiyo mashine ilipokufa, bado kulikuwa na watu wa kupunguza maumivu. Familia nyingi hazijui kuwa hizi ni huduma mbili tofauti. Unaweza kuwa mtu wa mia mbili kwenye foleni ya mionzi na bado ukawa na haki ya kulala usiku bila kulia. Iulize hospitali yako, na uulize kwa kutaja: tiba shufaa. Mama aliposikia neno mofini aliuliza kama si haramu, naye ami akampeleka kwa sheikh. Sheikh akamjibu kwa upole kuwa dawa ya dharura iliyoandikwa na daktari si ulevi, na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tutafute tiba.

Jambo la mwisho nililolisoma ndilo lililonitoa ndani. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa wiki, kama wiki tano, kisha ile ya ndani, na madaktari wanataka yote yamalizike ndani ya wiki nane. Ukianza, hutakiwi kuruka ruka. Nikaelewa kuwa hatuwezi kumpeleka, tukamrudisha kwa ajili ya mkesha wa hina, tukampeleka tena. Lazima kimoja kitangulie chengine.

Nilimwambia mama usiku huo huo. Hakunijibu. Nikamwambia, “Mama, harusi haina mashine.” Akacheka, mara ya kwanza tangu majibu yatoke, kisha akalia, ndipo akanieleza kuwa damu ilikuwa ikimtoka tangu kabla ya Ramadhani, na aliona aibu kumwambia mtu. Tuseme kweli, dada zangu, foleni ya kwanza ilikuwa humo ndani mwetu, miezi mitano, na hakuna serikali ya kulaumiwa kwa hiyo.

Mchumba wangu alikubali siku ya pili yake. Nikaolewa Alkhamisi baada ya sala ya alasiri, wanawake kumi na wawili kwenye mkeka, biriani ya masufuria mawili, kungwi kanuna. Watu walisema sana. Najua wapo waliohesabu miezi kwa vidole mpaka nilipojifungua, na hesabu haikuwafaa kitu.

Jumamosi asubuhi tulipanda boti, mimi na mama na khalati, bahari ikichafuka kidogo. Tulifikia kwa jamaa Magomeni. Bwana harusi alibaki Unguja kazini, akawa anakuja mwisho wa wiki na mkate wa ajemi, kwa sababu mama alikuwa hali kitu kingine asubuhi. Sala alizichanganya, adhuhuri na alasiri, siku alizochoka, na wala hakuona haya tena kusema amechoka.

Siku ya kwanza kwenye benchi mama mmoja wa Tanga aliiangalia mikono yangu, hina bado nyeusi, akauliza, “Biharusi?”

“Wangu huyu,” mama akasema, akanishika kiganja akamgeuzia ili auone vizuri. Kisha muuguzi akaita jina lake.